Bango la Mwenyekiti Fisi

Fisi, mwenyekiti wa mtaa, alichoshwa na malalamiko kuhusu jalala lililokuwa likiwaharisha watoto. Akalizungushia bango la karatasi, refu kuliko Twiga: "NDUGU WANANCHI, USAFI UNAENDELEA." Wanyama wakawa wanapita wameziba pua, wanasoma, wanaridhika.

"Angalau tunajulishwa," alisema Kondoo, huku akijizuia kutapika.

Siku moja Mbuzi, ambaye hakuwahi kuionea karatasi huruma, alilitafuna bango lote. Jalala likabaki uchi, na juu yake ukoo mzima wa Fisi ulikuwa ukiguguna mifupa.

"Mbuzi!" Fisi akafoka. "Umewanyima wananchi taarifa!"

Mbuzi akacheua taratibu. "Wapi, Mheshimiwa! Ndiyo kwanza wameipata."