Kona ya Chumba cha Kujifungulia

"Shika huku, binti," fundi mzee alimwambia Winfrida, akimsogezea mpini wa machela.

Winfrida ndiye aliyechora ramani ya zahanati iliyokuwa ikijengwa Mwika. Alikuwa amepanda kutoka Moshi kukagua kuta tu, wala hakutarajia kubeba kitu. Juu ya machela alilala kibarua mmoja mnene, akicheka.

"Huyu ndiye mama mjamzito wetu," fundi alisema. "Tumpeleke akajifungue."

Kwenye kona ya korido machela ikagoma. Waliiinua, wakaiinamisha, wakarudi nyuma, wakajaribu tena. Kibarua aliacha kucheka. Winfrida alisukuma kwa nguvu, tofali likamchuna vidole mpaka damu ikatoka.

"Kwenye ramani inapita," alisema kwa sauti ndogo.

Akina mama waliokuwa wakileta mchanga kwa ndoo walikuwa wamesimama mlangoni. Mmoja wao alikuwa na tumbo la miezi minane au zaidi, na macho yake yalikuwa kwenye ile kona.

Winfrida aliweka machela chini. "Hapa mmejenga lini, fundi?"

"Leo asubuhi."

"Tubomoe. Naomba nyundo."

"Nyundo itapasua matofali, na hawa akina mama wameyabeba kichwani toka barabarani." Fundi akampa mwiko wake. "Saruji bado mbichi. Anzia juu, nitakuelekeza."

Winfrida alipanda kwenye jukwaa, akapenyeza ncha ya mwiko chini ya tofali la kwanza.

"Taratibu," fundi alisema. "Ndiyo hivyo."

Tofali likalegea, zima.