Pipa la Kwanza

Jirani wa kina Mugoli, Mama Nhonya, aliapa kwamba mteja mmoja mjini alikunywa divai yao, akaanza kumbembeleza mtoto asiyekuwepo. “Haki ya Mungu, kaimba wimbo wa mama yako mwanzo mwisho!”

Mugoli akaacha kucheka. Kila familia iliyoanza kutengeneza divai ilitakiwa kutia kumbukumbu moja kwenye pipa la kwanza. Anayekunywa anaipata, aliyeitoa inamtoka. Mama yake alisema ametoa kumbukumbu ya ule mwaka wa njaa.

“Njaa nani angeinunua, mwanangu?” alisema Mama Nhonya.

Mugoli alimkuta mama yake shambani, akichuma zabibu.

“Mama, ule wimbo wa kunilaza, niimbie kidogo.”

Mama akatua kikapu, akatabasamu, akafungua kinywa. Akabaki hivyo, kichala mkononi, akimtazama bintiye.