Mita Mia Tatu Kuelekea Ziwani

"Hapa nilipo ni kwenye kona ya kiwanja changu," Maige alitangaza, simu mkononi, kiatu kimoja kikiwa kimezama kwenye majivu ya jiko la Bibi Teodora.

Bibi Teodora alikuwa akisonga ugali hapo nje, hatua chache kutoka majini. Alimtazama jirani yake, akakitazama na kiatu, akaendelea kusonga. Shikamoo hakupewa, naye hakuidai.

Nyuma yao, upande wa kusini, ilisimama hoteli ya Maige, ghorofa mbili, vyumba ishirini, rangi bado mbichi. Ilikosa kitu kimoja tu: ufukwe. Ufukwe ulikuwa wa Bibi Teodora, na kwa miaka thelathini alikuwa akianika hapo dagaa wa kupeleka soko la Mwaloni. Maige aliomba kuununua mara nne, akakataliwa mara nne. Mara ya tano hakuja kuomba. Alikuja na mpima ardhi, na Mzee Machibya, mwenyekiti wa kijiji, awe shahidi.

"Shikamoo, mama," alisema mpima ardhi, dada mmoja mpole aitwaye Prudencia.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Prudencia alisimamisha fimbo yake yenye kifaa juu. Kifaa hicho kilivuta masahihisho ya vipimo kwenye mtandao wa simu, na kikikosea sana kilikosea upana wa vidole viwili. Kisha akatandaza ramani ya zamani. Ilikuwa na viwanja vitatu vilivyopangana kutoka ziwani kwenda mlimani, kila kimoja na urefu wa mita mia tatu hivi. Namba moja ni ufukwe. Namba mbili ni cha Maige. Namba tatu ni mawe matupu, nacho kilikuwa cha Bibi Teodora pia, urithi wa marehemu mumewe, walikoishi pimbi na walikolishwa mbuzi wake wanne.

Akapima. Kona ya kiwanja cha Maige ikaangukia kwenye ukuta wa hoteli yake mwenyewe, palepale ilipokuwa bikoni ya zamani, nguzo fupi ya saruji ya kuonyesha mpaka.

"Hapana!" Maige aling'aka. "Namba za hati nimeziingiza kwenye simu, zimenileta hapa jikoni. Simu itanidanganya ili iweje?"

"Simu yako inatumia mfumo mpya," Prudencia alieleza. "Hati yako iliandikwa kwa mfumo wa zamani. Soma hapa chini ya ramani: Arc 1960. Mifumo hii miwili haianzii kuhesabu mahali pamoja. Nisipokiambia kifaa hivyo, unasogea karibu mita mia tatu kuelekea ziwani."

"Sitini?" Maige akamgeukia mwenyekiti kwa ushindi. "Hata uhuru tulikuwa hatujapata! Mzee Machibya, huyu dada ananipimia kwa mfumo wa mkoloni!"

Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa uchungu wa kizalendo.

"Weka mfumo mpya," Maige aliamuru.

"Nitaandika kwamba nilikushauri ukakataa."

"Andika hata kwa wino mwekundu."

Bibi Teodora aliipua sufuria. "Mwanangu, hiyo mifumo huwezi kuichanganya kidogo?"

"Haichanganywi, mama. Ramani moja, mfumo mmoja."

"Haya," alisema Bibi Teodora, akachukua sahani.

Maige alikuwa na karatasi aliyoichapisha mjini. Ilisema kwamba wenye viwanja vya ramani hiyo wanakubali mipaka itakayopimwa kwa mfumo mpya, na kila kilichojengwa ndani ya mipaka hiyo ni mali ya mwenye kiwanja. Sehemu hiyo ya mwisho aliitunga mwenyewe, akiiwazia nyumba ya bati ya Bibi Teodora. Ingemfaa kwa stoo ya viti.

Bibi Teodora aliomba asomewe mara mbili. Prudencia, ambaye roho ilikuwa ikimuuma, alifungua kinywa kusema neno, lakini kabla hajalisema alikabidhiwa sahani ya ugali na sato.

"Kula kwanza, mwanangu. Kazi yako ni ya kutembea."

Kisha mjane yule akasaini, polepole, herufi moja moja, na kwa kweli ilitia huruma kumwangalia. Hata Maige aliona haya kidogo.

"Usijisikie vibaya, mama. Pa kukaa hukosi. Si una kiwanja chako kule juu? Nenda kakae huko."

"Hakuna atakayenifukuza?"

"Akufukuze nani? Namba tatu ni chako."

"Mwenyekiti, umesikia?"

"Nimesikia," alisema Mzee Machibya, akagonga muhuri.

Prudencia alibadilisha mpangilio wa kifaa, akaanza kupima upya. Bikoni ya kwanza ilichimbiwa jikoni. Maige alivua viatu, akakunja suruali, akawa anakimbia mchangani akipiga picha na kuonyesha kwa mkono miavuli itakakokaa, baa itakakokaa, na mashua ya wageni itakakofungwa. Furaha ilimjaa hata hakuona Prudencia na vibarua wake wakipanda na fimbo yao kuelekea kusini.

Bibi Teodora aliwaona. Aliosha sufuria, akafunga mwiko na kanga zake kwenye furushi, akawafungua mbuzi, akapanda nyuma yao bila haraka.

Hakufika mbali. Kwenye kona ya ukuta wa hoteli, palepale penye bikoni ya zamani, vibarua walikuwa wakisawazisha saruji ya bikoni mpya, na juu yake Prudencia alikuwa akiandika namba ya kiwanja kwa ncha ya msumari: 3.

"Fungua geti, baba," Bibi Teodora alimwambia mlinzi, akiwasogeza mbuzi mbele. "Nimehamia kiwanja changu cha juu."