Kichwa Chepesi

Sheria ilikataza mtu kuajiriwa akiwa anajua mengi kuliko kazi yenyewe inavyodai. Nakijwa, mfamasia aliyesota akitafuta kazi hadi soli za viatu zikamwishia, alikwishanyimwa kazi ya kufagia na hata ya kulinda geti, na kila mahali aliambiwa kwa upole kwamba amesoma mno. Kusoma mno kulikuwa kosa, na kosa lilikuwa na tiba. Basi akaenda kliniki kupunguzwa elimu, kama walivyofanya majirani zake. Wahudumu walimvika kofia ya chuma, akasinzia kidogo, akaamka kichwa chepesi. Siku hiyohiyo hoteli ikampa aproni na kazi ya kuosha sahani.

Alirudi nyumbani akiimba, amebeba nyama. Mama mkwe wake, Bi Namsifu, alikuwa ameketi kitandani, mkono kifuani.

"Mwanangu, moyo umeanza tena. Nipe ile dawa yangu."

"Ipi, mama?"

Kikongwe akacheka kwa shida. "Unaniuliza mimi? Si wewe uliyenipangia?"

Nakijwa alifungua kabati. Vikopo vya vidonge vilijaa rafu nzima. Alivipanga mwenyewe zamani, bila kubandika majina, maana majina yote yalikuwa kichwani mwake.

Alivitazama kimoja kimoja. Mwishowe akachagua vidonge vyeupe, kwa kuwa vilikuwa safi kama sahani.

Alipogeuka, Bi Namsifu alikuwa amekwishanyoosha kiganja, na macho ameyafumba, kama mtu aliye mikononi mwa mjuzi.