Chekechea ya Tatu

Tausi, yaya aliyemlea Imrani tangu hajatimiza siku arobaini, alizikataa chekechea mbili za kwanza. Moja vyoo vyake vilinuka, nyingine mwalimu hakuachia fimbo. Katika ya tatu alionja uji, akabonyeza magodoro, akamwambia bosi wake, Bi. Nuru, "Mama, hapa mtoto atatunzwa."

Bi. Nuru akashusha pumzi. "Basi ataanza Jumatatu. Na wewe, dada, unaweza kurudi kwenu. Kazi imekwisha."

Tausi akamvuta Imrani karibu.

Mwalimu wa pale akafungua daftari. "Mama Imrani, mtoto akigoma kulala, huwa unambembelezaje?"

Bi. Nuru akamgeukia Tausi. Tausi alikuwa ameinama akimfunga Imrani kamba za viatu, wala hakuinua uso.