Pete ya Njano

Sheria ilikataza kumtibu ng'ombe anayechechemea. Pete aliyofungwa kila ng'ombe mguuni ilinusa bakteria wanaoozesha kwato. Ikiwaka nyekundu, lori lisilo na dereva lilikuja kumchukua aliyeivaa, na hakuna ng'ombe aliyewahi kurudi.

Tumpe alipomwona ng'ombe wake Njano anachechemea, aliivua pete ikiwa bado kijani akaivaa mwenyewe mguuni, maana ikikosa joto la mwili tu ilitoa taarifa. Siku nne alikwangua uozo katikati ya kwato, akaziosha kwa maji ya mrututu yanayoua vijidudu, akamlaza Njano pakavu. Leo ng'ombe alikanyaga sawasawa.

Lakini Tumpe alipovua mabuti yake yaliyolowa, pete ilikuwa inawaka. Ngozi katikati ya vidole vyake ilikuwa imechubuka, inanuka.

"Mama, nyekundu!" mkwewe Subilaga alipiga kelele. "Ivue!"

"Nikiivua watamfuata Njano."

Lori lilishasikika likipanda kilima. Tumpe akavuta kigoda, akakaa langoni, akanyoosha mguu.

"Miaka yote wamewabeba wasioweza kuuliza wanapelekwa wapi," alisema. "Leo wambebe mwenye mdomo."