Kulijaribu Gari Jekundu

Maji yalikuwa yamemfika Alwyn Metcalfe kwenye vifundo vya miguu, na gari lilikuwa bado linapanda mlima.

"Bi Ibbotson," alisema kwa sauti ya kushindana na upepo, "tusimame kidogo nivute turubai."

"Mlimani hatusimami," alijibu mama yule bila kugeuza shingo. "Tukisimama hapa, hatuondoki tena."

Turubai, ndilo paa pekee la gari lile, lilikuwa limekunjwa nyuma ya viti, na vifungo vyake vilikuwa vya kubana kwa mkono, kimoja kimoja, gari likiwa limetulia. Mvua ya Novemba ilikuwa imeanza kuchanganyika na theluji. Vaipa zilifuta kioo cha mbele kwa nje. Kwa ndani alifuta yeye, kwa kofia yake.

Walipotoka nyumbani kulikuwa na jua. Bi Hester Ibbotson alikuwa amekuja kwa basi kulitazama gari, lile dogo jekundu la viti viwili, ambalo Alwyn alikuwa analiuza kwa sababu baridi yabisi ilikuwa imemla viganja. Tangu kiangazi, kuuzungusha usukani wake mgumu kulikuwa kumemshinda. Alipomtambua mgeni mlangoni, alijikuta amesimama wima kama mwanafunzi. Nani katika mabonde yale ya Yorkshire asiyelijua jina la Ibbotson? Kwa miaka thelathini halikukosekana kwenye rali za milimani. Ukutani kwenye klabu ya magari kulikuwa na picha yao, mume na mke, wametapakaa matope mpaka nyusi, wameshika kikombe pamoja. Mume, Clifford, alikuwa amezikwa mwezi wa nne.

Alwyn alikwenda kufunga mlango wa nyumba. Aliporudi, alimkuta mama ameshakaa kwenye usukani, na glavu za ngozi zinampwaya mikononi.

"Niwashie," alisema. "Kila gari lina ugomvi wake. Sitaki kuliudhi siku ya kwanza."

Alwyn alimwashia, akaona amepewa heshima.

"Sasa ya pili," Bi Ibbotson alinong'ona huku mlimani, akiusikiliza mngurumo kwanza, ndipo mkono ukaenda kwenye gia. Gia ikasaga meno, ikaingia. "Kulia, taratibu. Yadi mia. Kushoto, kali. Ukuta."

Alikuwa akizitaja kona kabla ukungu haujazifunua, na kila moja ilikuwa pale pale aliposema. Alwyn alijifariji kwa hilo. Mtu aliyeikariri barabara namna ile, alijiambia, hawezi kumuua mtu juu yake. Ila gari lilikuwa linapita katikati kabisa, kama barabara imechongwa kwa ajili yao peke yao.

Kwenye kona iliyofuata, kioo cha pembeni kiligonga ukuta wa mawe, kikabaki huko nyuma.

"Bi Ibbotson, kioo."

"Nimesikia. Cha mbele si bado tunacho?"

Kileleni walikuta kondoo watatu wamelala barabarani. Wawili walirukia kushoto, mmoja kulia, na gari likapita walipokuwa wamelala. Mteremko ukaanza. Upande wa Alwyn hapakuwa na ukuta tena. Palikuwa na ukungu tu, na chini yake sauti ya mto.

Aliukandamiza mguu sakafuni, mahali ambapo breki ingekuwa kama angekuwa upande wa pili. Aliitazama hendibreki. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, na hata vingekuwa vizima, angeanzaje kumnyang'anya breki bingwa?

"Punguza kidogo, mama. Nakuomba."

"Clifford alikuwa akisema mteremko huu ni wa watu wenye moyo. Wewe ni mzaliwa wa huku, au umehamia?"

"Mzaliwa."

"Basi kaa kama mzaliwa."

Alwyn alianza Baba Yetu, akaisahau katikati, akaanza upya. Alimfikiria mkewe, Doreen, aliyekuwa kwa dada yake anakula keki na jibini, hajui mumewe yuko wapi. Maji ya theluji yalimwingia shingoni, yakateremka mgongoni, na hakuwa na la kufanya ila kuyasikiliza yakishuka.

"Kulia, kali. Daraja," alisema Bi Ibbotson. Kisha, kwa sauti ndogo zaidi, "Askari."

Askari alikuwa amesimama katikati ya barabara, amenyoosha mikono yote miwili. Gari liliteleza kwenye matope, likageuza matako mbele, likapita kwenye lango la shamba lililokuwa wazi, likazimika lenyewe majanini.

Askari, mtu mzima mwenye tumbo, alifika akihema.

"Mko salama?"

Alwyn alitikisa kichwa kukubali.

"Daraja limefunikwa na maji. Mngelifikia kwa mwendo ule..." Askari alimwinamia dereva, akamtazama vizuri. "Bi Ibbotson? Wa rali?"

"Ndiye."

Uso wa askari ukalegea. "Ah, basi ndiyo maana. Baba yangu alikuwa anatembea maili sita kuja kuwashangilia. Angekuwa mtu mwingine yeyote kwenye usukani, saa hizi ningekuwa namtafuta mtoni."

Alwyn alivuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu mlima uanze. Alijiona mjinga kwa hofu yake yote ile, na kwa zile sala.

"Lakini utaratibu ni utaratibu, mama," askari alisema, akitoa kijitabu chake chini ya koti la mvua. "Naomba leseni."

Bi Ibbotson alivua glavu moja, akajipangusa maji usoni.

"Leseni alikuwa nayo Clifford," alisema. "Mimi nilikuwa namsomea ramani. Usukani nimeushika leo."